Mto Uliotakata

Asubuhi ambayo wazee wa ukoo walikuja kuuhukumu mto, Kanini alisimama na wanawake wenzake juu ya ukingo, akiomba kimoyomoyo mumewe asiongee sana. Aliomba bure. Naftaly Njue hakuwa mtu wa kuongea kidogo hata siku ambayo hana la kusema, na siku hiyo alikuwa nalo.

"Wazee, mimi sitawachosha," alianza, na wanawake wawili wakacheka chinichini kwa sababu walishayasikia maneno hayo mara nyingi. "Macho mnayo. Angalieni hapa, halafu muangalie pale."

Hapo ndipo kijito kinachokatiza shamba la Bundi la muguka, yale majani ya kutafuna, kinaingia katika mto Kavariri. Mto unatoka juu, upande wa kilima, na asubuhi hiyo maji yake yalikuwa maangavu kiasi cha kuona kila jiwe chini. Kijito kinatoka kulia, na maji yake yalikuwa na ukungu wa chokaa kama yalivyokuwa tangu zamani. Maji hayo mawili yalipokutana, hata hatua kumi hazikwisha, yaligeuka rangi ya kutu. Mawe yalikuwa yamepakwa ute mwekundu, mizizi ya mikuyu vilevile, na kuanzia hapo kushuka hadi nyumbani kwa Njue na mbele zaidi, mto mzima ulikuwa hautamaniki. Ulikuwa hivyo tangu mvua kubwa za Aprili. Na pale kijijini Kariguri, ukiukosa mto huo, unatembea na punda saa mbili hadi kisima cha sokoni, au unafunga virago na kuhama.

"Maji safi yanatoka juu," Njue aliendelea, akinyoosha fimbo. "Yanakutana na maji ya Bundi. Yanakuwa hivi. Sasa hapo mtu anahitaji kusoma mpaka yunivasiti? Kila wiki Bundi anapigia muguka yake dawa, harufu inafika mpaka kwangu. Hiyo dawa inaenda wapi? Mbuzi wangu saba wamekufa, wazee. Saba."

Bundi alikuwa ndugu yake Njue, baba mmoja mama mbalimbali, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, kana kwamba ameitwa harusini.

"Hao mbuzi wako, unawanyweshea wapi?" aliuliza.

"Huko juu, kwa maji safi! Unadhani mimi ni mjinga niwapeleke kwa sumu yako?"

"Kama wanakunywa huko juu, na mimi naingilia huku chini, dawa yangu inawafikia na nini? Inapanda mlima?"

Lilikuwa swali zuri, na lilimgusa Kanini. Ni yeye aliyekuwa akiwapeleka wale mbuzi kunywa, kila asubuhi, na ni kweli hakuwahi kuwanywesha maji mekundu hata siku moja.

"Inapanda na harufu!" Njue alifoka, na watu wakaangua kicheko cha kumuunga mkono, kicheko cha watu wanaotaka jambo liishe warudi nyumbani. Mzee Njuki, aliyekuwa mwenyekiti wa wazee, aliinua mkono. Alisema kwamba yeye si daktari wa maji, lakini macho hayadanganyi watu mia moja kwa wakati mmoja. Kijito cha Bundi kifungwe, kichimbiwe mtaro kielekezwe kwenye korongo kavu, kisiuguse mto tena. Na Bundi atoe mbuzi mmoja, asiye na kasoro, wa kuwatuliza watu.

Bundi alivua koti, akalikunja, akampa mkewe. Mkewe Bundi aliitwa Mukami, na yeye na Kanini walikuwa wameazimana kila kitu kwa miaka kumi na nane, kuanzia ungo hadi mtoto wa kutumwa dukani. Mukami alimtazama Kanini juu ya lile koti, akingoja aseme neno. Kanini aliangalia miguu yake.

Mbuzi wa Bundi alichinjwa siku hiyohiyo kando ya mto. Wanawake walipelekewa fungu lao, na Kanini alikula. Nyama ilikuwa tamu, na hilo hawezi kulikana.

*

Vijana walichimba mtaro kwa siku mbili, Njue akiwa mbele na sepetu. Siku ya tatu, wekundu ulianza kukatika. Mvua mbili za usiku zikasugua mawe, na kufikia Jumapili Kavariri yote, kutoka kilimani hadi chini, ilikuwa inang'aa. Wazee walisema hawajawahi kuuona mto ukitakata vile, hata enzi za ujana wao. Hakukuwa na tope, hakukuwa na ukoga wa kijani juu ya mawe, wala wale viluwiluwi wanaoingia mtungini. Watu waliyashangaa maji hayo wakayasifu, na hakuna aliyeuliza viluwiluwi wamekwenda wapi.

Mchungaji alimsimamisha Njue kanisani. "Kuna watu wa kulalamika na kuna watu wa kutenda," alisema, na makofi yakapigwa. Vijana wakaanza kumwita Injinia. Njue alijifanya hapendi, lakini Kanini alimwona akitembea polepole kupita pale vijana wanapokaa, ili wapate nafasi ya kumwita.

Kanini alitaka kufurahi. Mume akisifiwa, mke naye hupata kivuli kidogo cha kupumzikia. Lakini mambo madogomadogo yalikuwa yanamkatalia. Kwanza ilikuwa kitambaa chake cheupe cha kichwani, cha chama cha akina mama. Alikifua mtoni kwa sabuni ya kipande, povu likakataa kuja, na kilipokauka kilikuwa na manjano ya kutu. Akakifua tena kwa sabuni nyingi zaidi, kikazidi. Jumapili mwenyekiti wao alimvuta kando akamwambia kwa sauti ya upole iliyosikika madhabahuni, "Mama Njeru, hata kama ni kazi nyingi, jamani, tujitahidi usafi."

Halafu ikaja siku ya chai. Akina mama watatu wa kanisa walikuja kumpongeza Baba Njeru kwa kazi aliyowafanyia watu. Kanini aliteka maji mapya mtoni, akabandika sufuria, akatia majani. Chai ikawa nyeusi kama wino wa shule. Alishangaa, akamimina maziwa aliyoyakamua asubuhi ileile, na maziwa yakakatika palepale, mabonge mabonge, yakaelea. Alimwaga nyuma ya jiko bila mtu kuona. Akaanza upya na maziwa mengine, na hayo nayo yakakatika.

"Mama Njeru, usijisumbue," mgeni mmoja aliita kutoka sebuleni. "Hata soda tunakunywa."

Hakukuwa na soda. Waliondoka bila kunywa kitu, na nyumba ambayo mgeni anatoka midomo mikavu hutajwa. Kanini alijua hivyo. Alikaa jikoni akilinusa lile gudulia la maziwa, akayaonja, akayanusa tena. Maziwa yalikuwa mazima. Alichanganyikiwa hadi akajiuliza kama ni mikono yake iliyoharibika, kama ni yale macho ya Mukami.

Mbuzi nao walikuwa wameanza vioja. Walikuwa wamebaki sita. Walikuwa wakishuka mtoni, wanainamisha vichwa, wanagusa maji kwa midomo, wanarudi nyuma. Kiu ikiwazidi ndipo wanakunywa, kidogo kidogo, wakipiga chafya. Manyoya yao yalinyonyoka mgongoni. Wiki moja baada ya mto kutakata, wawili walikufa.

"Ni sumu ya zamani iliyobaki kwa matumbo," Njue alieleza. "Inatoka polepole."

Kanini alikubali, kwa sababu hakuwa na jingine la kukubali.

*

Jumatano alinunua magadi ya shilingi ishirini dukani kwa Winrose. Akina mama wa huku hawapiki mahindi makavu na kunde bila magadi. Kuni zingekwisha kabla ya chakula kulainika. Alisubiri sufuria ichemke, akachota kijiko kimoja, akatia.

Sufuria ilifoka. Povu lilipanda likamwagikia moto, na lilipotulia maji yote yalikuwa yamegeuka kutu. Ule wekundu wa mto ulikuwa umeingia nyumbani kwake na kukaa juu ya mafiga yake.

Hasira ikampata, na ilimfaa, kwa sababu hatimaye palikuwa na mtu wa kulaumiwa. Alifunga magadi yaliyobaki katika karatasi yake, akabeba chupa yake ya maji ya kunywa njiani, akapanda hadi dukani.

Winrose alikuwa Mmeru wa Githongo aliyeolewa huku chini, na watu walisema alishuka na duka lake mdomoni. Kwenye benchi nje ya duka walikaa wanaume watatu wasio na haraka.

"Winrose, hii magadi umechanganya na mchanga," Kanini alisema, akaiweka karatasi kwenye kaunta. "Imeniharibia chakula. Chakula yote ni nyekundu."

"Mchanga? Mimi?" Winrose aliinuka. "Mama Njeru, mimi nauzia watu magadi miaka kumi na mbili. Wote wanakula. Labda uliosha hiyo sufuria na miguu."

Wanaume wa benchi walicheka. Kanini alimsogezea karatasi. "Basi jaribu wewe mwenyewe."

"Najaribu sasa hivi, na hawa wakiwa mashahidi." Winrose alichota kikombe cha maji kutoka tenki lake la mvua, akatia magadi kidogo, akakoroga kwa kidole. Maji yalibaki vilevile. Alikizungusha kile kikombe mbele ya kila mtu, kama mchungaji na sahani ya sadaka. "Mchanga uko wapi? Nionyeshwe."

Kanini alikuwa tayari kuomba radhi. Alifungua chupa yake apate fundo moja la kumeza aibu, na Winrose, ambaye hakuwa mtu wa kuacha ushindi nusu, akamnyang'anya. "Hapana, na hii yako pia tuone." Akatia magadi mdomoni mwa chupa.

Chupa ilichemka mkononi mwake. Maji yaliyokuwa maangavu yakafanya rangi ya kijani chafu kwanza, kisha yakaanza kuwa mekundu kutoka juu kushuka chini, taratibu, kila mtu akiona. Mmoja wa wale wanaume alisimama.

"Hii maji ni ya wapi?" Winrose aliuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Ya mto."

"Mto gani?"

"Huu wetu," Kanini alisema. "Huu tulisafisha."

*

Hakurudi nyumbani. Alishika karatasi ya magadi, kikombe cha plastiki alichoazimwa na Winrose, na njia ya kando ya mto, akapanda. Kila kona alisimama, akachota maji, akatia magadi kwa ncha ya kidole. Pale kijito cha Bundi kilipokuwa kikiingia zamani, maji yalikuwa mekundu. Kwenye kivuko cha punda, mekundu zaidi. Kwenye miamba ya chini ya kilima, kikombe kilifoka hadi kikamlowesha mkono, na mkono ukawasha kwenye mchubuko wa jembe.

Alijua anakokwenda, lakini hakutaka kujua. Huko juu palikuwa na shimo la makaa ya mawe. Kampuni fulani ilikuja na kofia za njano, ikawaahidi watu kazi, ikachimba kilima kwa miaka miwili, halafu ikasema makaa yenyewe si mazuri, ikaondoka hata mlango haikufunga. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Kilichobaki ni bango la HATARI ambalo mtu alilibandua akaezekea banda la kuku.

Shimo lilikuwa limejaa tangu mvua za Aprili, na mdomo wake ulikuwa unatoa maji. Hayakuwa mengi; yalikuwa kama ya bomba mbili za mjini zikifunguliwa pamoja. Yalikuwa safi. Kanini alikuwa hajawahi kuona maji safi kuliko hayo. Lakini pembeni mwake hapakuwa na nyasi, wala panzi hata mmoja wa kuruka, na mti wa mkuyu uliokuwa karibu ulikuwa umekauka ukiwa umesimama. Alichota. Akatia magadi yote yaliyobaki. Kikombe kizima kilijaa uji mwekundu.

Alikaa juu ya jiwe. Mtu angedhani atawakasirikia wale wa kofia za njano, na baadaye aliwakasirikia sana, lakini kitu cha kwanza kilichomjia ni nyama ya yule mbuzi wa Bundi, na jinsi alivyolamba vidole.

Alijaribu kulipanga kichwani. Maji mabaya ndiyo yaliyokuwa mazuri machoni. Yalipokutana na maji ya Bundi yenye chokaa, ubaya wao ulitoka nje ukaonekana, kama ulivyotoka kwenye sufuria. Basi walipoona ubaya, wakamfukuza aliyewaonyesha. Alilipanga mara tatu na kila mara lilikuwa la kijinga mno kuwa kweli.

Wakati wa kushuka alipitia kwenye korongo ambako maji ya Bundi sasa yalikuwa yakipotelea mchangani. Alichota, akapangusa masalio ya magadi kwenye karatasi, akatia. Hakuna kilichotokea. Akachota mengine, akanywa, akanywa tena, hadi tumbo likajaa.

"Umekuja kuangalia kama imekauka?"

Mukami alikuwa amesimama juu ya korongo na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikiwa imembana paji la uso. Tangu ile siku walikuwa hawajasemezana. Kanini alifungua mdomo amwambie kila kitu, na kila kitu kikagombania kutoka, kisitoke hata kimoja.

"Nilikuwa napita tu," alisema.

"Pita basi," Mukami alijibu, akaenda zake.

*

Njue aliliona jambo hilo uani, jua likiwa bado juu, kwa vikombe viwili alivyowekewa na mkewe juu ya kiti cha miguu mitatu. Kimoja kilikuwa na maji ya mto, kingine ya kwa Bundi.

"Umeweka nini hapa?" aliuliza kikombe cha mto kilipogeuka.

"Magadi. Weka wewe mwenyewe."

Aliweka mwenyewe. Akaenda mtoni kwa miguu yake, akachota kwa mkono wake, akarudi akaweka tena. Mara ya nne alikaa chini, akavua kofia.

"Usiambie mtu," alisema.

"Winrose ameona. Unamjua Winrose."

"Woi." Njue aliziba uso. Baadaye akasema, "Lakini ngoja. Tukirudisha kijito cha Bundi, mto unakuwa mwekundu tena. Watu wataniambia nimeuchafua. Tusiporudisha, tunakunywa hii. Sasa mimi nifanye nini, Mama Njeru? Niambie nifanye nini."

Kanini alikuwa amengojea miaka mingi mume wake amuulize swali hilo, na sasa lilipokuja hakulipenda. "Kunywa, hatunywi yote mawili," alisema. "Si mekundu, si haya. Maji ya kunywa iko kwa Bundi peke yake."

Kesho yake Njue alikwenda kwenye ofisi ya serikali kuuliza kuhusu shimo. Walimwambia aandike barua, na aambatanishe jina la kampuni. Jina alilikumbuka nusu. Nambari ya simu iliyokuwa imechorwa kwenye bango, lile la banda la kuku, ilipigwa mbele yake, na yule mama wa kwenye simu akasema nambari hiyo haipatikani. Kazi ya kuziba kilima, aliambiwa, ni ya wataalamu, na itachukua muda. Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Mbuzi mwingine alikuwa amekufa, na Winrose alikuwa amefanya kazi yake: hakuna kijana aliyemwita Injinia njiani.

Jioni Mzee Njuki alikuja mwenyewe, akakataa kiti.

"Baba Njeru, tulikosa sote," alisema. "Lakini mdomo uliotangulia ni wako. Ulimshtaki ndugu yako, akatoa mbuzi. Utarudi kwake na mbuzi. Asiye na kasoro, kama alivyotoa yeye. Usiende na maneno mikono mitupu. Maneno yako tumeyasikia."

*

Walikuwa wamebaki na mbuzi watatu. Njue aliwashika mmoja mmoja, akawapapasa kama mtu anayechagua maembe sokoni, na mwishowe akamchagua dume mweusi kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama. Kanini alimpiga brashi, akampaka mafuta ya kupikia mahali palipokuwa na upara. Njiani, walipopishana na watu, alijificha nyuma ya mumewe ili asiulizwe kwa nini amebeba mtungi mtupu chini ya leso.

Wazee wanne walikuwa tayari kwa Bundi. Bundi alikaa kwenye kigoda, bila koti safari hii, na nyuma yake shamba la muguka lilikuwa limekatwa hadi visiki, kwa kuwa baada ya hukumu hakuna mnunuzi aliyetaka majani ya mtu wa sumu. Kanini hakuwa amejua hilo. Alitazama visiki, mstari hadi mstari, akatamani ardhi impokee.

Mzee Njuki alimchukua mbuzi. Desturi ni desturi, na hakuna aliyeifanya haraka. Alishika masikio, akayakunjua. Akainua kwato. Akapitisha kiganja mgongoni, na kiganja kikatoka na manyoya na mafuta ya kupikia. Alikinusa, akamtazama Kanini, akajifutia kwenye suruali. Kisha akafungua kinywa cha mbuzi, na wazee wote wakainama. Ufizi ulikuwa na vidonda, na ulimi pia.

"Huyu hapana," Mzee Njuki alisema. "Huyu hawezi kusimama kati ya ndugu wawili. Rudi ulete mwingine."

"Mzee," Njue alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "huyu ndiye mzima kuliko wote."

Njue alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Kanini alikuwa ameishi na mtu huyo miaka ishirini na mbili na hakuwahi kumwona akikosa neno. Alimhurumia, na papo hapo akamkasirikia, na papo hapo akajikasirikia mwenyewe, hadi asijue ni lipi lililokuwa likimtoa machozi.

Mbuzi alikuwa akivuta kamba. Alikuwa amesikia kitu upande wa korongo na alikuwa akielekea huko kwa shingo nzima, miguu yake myembamba ikiteleza mchangani.

"Ana kiu," Mukami alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wageni wafike.

Bundi aliinuka. Alimpokonya Mzee Njuki kamba, si kwa ukali, akamwongoza mbuzi hadi kwenye maji yake yenye ukungu. Mbuzi alinusa. Kisha akazamisha mdomo hadi puani, akanywa. Hakupiga chafya, hakurudi nyuma. Alikunywa hadi wazee wakaanza kutazamana, na bado alikuwa anakunywa.

"Mwacheni hapa," Bundi alisema hatimaye, akiwa amewapa mgongo. "Ale hapa, anywe hapa. Siku akipona, mje mmchukue, mrudi naye mniombe msamaha."

"Na kwa sasa?" Njue aliuliza.

"Kwa sasa bado hujaniomba."

Mzee Njuki alikohoa, akasema kwamba hilo ni sawa, kwamba yeye haoni njia nyingine. Wazee walichukua fimbo zao. Hakuna aliyeleta chai, na hakuna aliyeingoja.

Kanini alibaki. Alitoa mtungi chini ya leso, mbele ya Mukami, akaushika kwa mikono yote miwili kama mtoto aliyetumwa unga. Mukami alimwonyesha kwa kidevu tu mahali pa kuchotea.

Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mbuzi alikuwa bado hajamaliza. Kanini alisimama nyuma yake, akingoja zamu.